Kitanda Alichokutandikia Mjomba

Clarisse mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Hagsätra kumuaga rafiki yako, na mlango ulipofungwa tu nikaketi hapa jikoni na kalamu. Baba yako yuko chumbani, anapima sanduku lako kwenye mizani ya bafuni, anatoa kitu, anapima tena, anakirudisha. Ukirudi utakuta barua hii juu ya pasi yako ya kusafiria. Nimeogopa wiki nzima, Clarisse, na leo nimechoka kuogopa peke yangu.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Nikikwambia kwa mdomo utanijibu kwa Kiswidi, "men mamma", lakini mama, nami nitapandisha sauti, na tutaachana kila mtu akiwa na nusu ya maneno. Ukisoma Kiswahili unasoma polepole, na kidole juu ya mstari, kama ulivyokuwa ukisoma Zaburi zamani. Ndivyo ninavyotaka usome.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kutembea na simu mkononi. Baba yako amekutumia yote hayo, na najua utayasoma siku utakapokuwa umeshaugua. Mimi nina jambo moja tu. Lakini ili ulielewe, sharti nianzie kwa Baba Josué.

Unamkumbuka Baba Josué wa Upplands Väsby, anayeimba besi kwenye kwaya yetu, mwenye kampuni ya usafi kama yangu. Mwaka ule ulikuwa umeanza kusoma sheria, na kila ukirudi nyumbani ulikuwa unaturekebisha sisi sote, hata namna ya kutupa takataka. Komuni moja, yaani halmashauri ya mji, ikatangaza zabuni ya kusafisha shule za chekechea. Kazi iligawanywa mafungu mawili, la kaskazini na la kusini, na kampuni iliruhusiwa kuomba moja au yote mawili. Mimi nikataka yote. Josué naye akataka yote. Kila mmoja wetu alimficha mwenzake, na bila shaka kanisa zima lilijua.

Wazee wakashtuka. Lile kanisa lilikuwa limeshapasuka mara moja kwa ajili ya kinanda, na hawakutaka lipasuke tena kwa ajili ya ndoo na mafagio. Baada ya ibada wakatuita kwenye ule ukumbi wa chini, tukawekewa chai na maandazi, na Mzee Kasereka akatuambia, "Bandugu babili bagombanie sahani moja mbele ya bazungu? Hapana. Mupatane hapa, mbele ya Mungu." Tukaomba. Tukashikana mikono. Josué achukue kaskazini, kwa kuwa ni kwake, na mimi nichukue kusini. Na kwa kuwa fomu tulikuwa karibu kumaliza kuzijaza, tukakubaliana kila mmoja aombe yote mawili, ila kwenye fungu la mwenzake aweke bei ya juu, asije akamzibia njia. Siku ile nililala vizuri, mwanangu. Niliona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyofanya tangu tuingie nchi hii.

Komuni wakaniita kueleza zabuni yangu. Alikuwa mama mmoja mpole, amevaa sweta ya sufu, amenimiminia kahawa mwenyewe. Akauliza kwa nini bei yangu ya kaskazini iko juu hivyo, na kazi ni ileile. Ningeweza kusema umbali. Ningeweza kusema dizeli. Mimi nikatabasamu, nikamweleza yote, kwa Kiswidi changu cha kwenda kanisani: kwamba mimi na mwenzangu ni ndugu katika Bwana, kwamba tulikaa, tukaomba, tukagawana bila ugomvi. Nilidhani atatusifu. Nilidhani atasema, laiti na Waswidi wangekuwa hivyo.

Akaweka kalamu chini. Akaniomba nirudie, polepole, ili aandike. Nami nikarudia, tena nikaongeza na ile sala.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Zabuni zetu zote mbili zikatupwa nje. Mimi nikawaka moto. Nilisema hawa watu wanatuadhibu kwa sababu ya amani, wanataka tuchinjane ndipo waridhike. Nikaapa kwenda mahakama ya utawala. Ukaketi hapa, kwenye kiti hiki nilichokalia sasa, ukaanza kuniandikia malalamiko. Ukaandika, ukasoma barua yao, ukasoma kitabu chako, kisha ukaacha kuandika.

"Mamma," ukasema, "de har rätt."

Kwamba wao ndio wenye haki. Nilikutukana, unakumbuka? Nikakuita mtoto wa Waswidi. Nikasema nimekulisha ugali ili uje unihukumu. Hukulia. Uliniangalia, na wewe ambaye tangu shule ya msingi hukuwa umenijibu kwa Kiswahili hata salamu, ukasema, "Mama, na wale wengine walioomba hii kazi? Wao hawana Mungu?"

Nikafanya kiburi. Nikayamalizia malalamiko mwenyewe na kuyapeleka kabla siku za kulalamika hazijaisha. Mahakama ikajibu kwa maneno machache. Walisema kila aombaye zabuni aje peke yake na bei yake mwenyewe, na kwamba sisi tulikuja wawili na bei moja iliyokatwa katikati. Hawakusema nimedanganya. Walisema mimi mwenyewe ndiye niliyeeleza, na wananiamini. Mpaka leo sijawahi kuaminiwa na serikali kiasi kile.

Baada ya hapo ikaja hofu. Mamlaka ya ushindani wa biashara wakaniandikia maswali, na mimi, kila kifuniko cha sanduku la barua kilipogonga mlangoni, nilikuwa naingia bafuni na kufungua maji. Baba yako ndiye aliyekuwa anaziokota bahasha. Mwishowe walifunga faili, wakaniacha na onyo. Lakini Mama Kavira na wenzake, niliokuwa nimewaahidi kazi ya mchana ili wawe wanawaona watoto wao, walirudi kusafisha hoteli za uwanja wa ndege wa Arlanda alfajiri. Wao hawakuwapo kwenye ile chai na maandazi. Na kuna mtu mwingine ninayemfikiria, ambaye sijui hata jina lake. Yule aliyeomba zabuni ile peke yake, akapiga hesabu yake kwa haki, bila kujua kwamba sisi tumeshagawana sahani na Mungu tumemfanya shahidi.

Swali lako lile, Clarisse, ndilo lililonifanya niamini unaifaa kazi hii unayoiendea. Na ndilo linalonifanya nikuogopee sasa, kwa sababu unalipeleka Kinshasa.

Niseme wazi: sitaki uende. Nilikwambia nimefurahi, na kanisani nilisimama nikashukuru, nikapiga na vigelegele. Lakini juzi nilichukua pasi yako nikaificha ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Nilikaa nayo humo mchana mzima nikijiambia kwamba watu hupoteza pasi kila siku. Kisha nikaitoa. Ukiona vumbi jeupe kwenye kurasa, usimlaumu baba yako.

Sisi nchi ile tulitoka tukikimbia, na wewe unarudi na sanduku la magurudumu. Unakwenda kuketi kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya walionyimwa kazi za serikali, barabara, madaraja, na jina lako litakuwa chini ya karatasi inayosema huyu apewe na yule asipewe. Hapa, anayeshindwa hupeleka barua mahakamani na kwenda kula chakula cha mchana. Kule pia wanapeleka barua. Lakini wapo wasioishia kwenye barua, na mimi nimewahi kuwaona watu wa namna hiyo wakiwa wamesimama mlangoni kwetu. Ulipozungumza na wakubwa wako wapya kwa video, mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza ni nani atakayekulinda. Sikusikia mtu akilitaja jambo hilo.

Kwa hofu hiyo ndipo nikamtafuta Mjomba Dieudonné. Si wewe uliyeomba. Ulisema utapanga chumba karibu na kazi, na mimi nikakukemea, nikasema haijapata kutokea msichana afike mji ambao kaka wa mama yake ana nyumba, akalale kwa watu. Nilimpigia mwenyewe. Naye, maskini, alifurahi mpaka akalia. Unakumbuka ile video mkewe aliyotuma: chumba kimepakwa rangi, pazia la njano, kitanda kimetandikwa shuka mpya, na kona moja ya godoro bado ina nailoni ya dukani. Uliitazama mara moja ukacheka. Mimi naitazama kila siku.

Na unajua ni nani. Usiku tuliovuka mpaka ulikuwa na homa, hujafika miaka mitatu, na mimi nilikuwa na mimba iliyotoka njiani. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, angeweza kutuacha akaenda mbio na wenzake. Ningeandika nini hapa kuhusu deni la namna hiyo? Halina risiti.

Sasa sikiliza. Unajua anajenga barabara. Jumanne alinipigia, sauti yake imejaa sherehe. "Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "Mungu iko mukubwa! Ile marché ya barabara, ile zabuni, balinitupa inje. Nikalalamika. Na dossier yangu unajua iko wapi sasa? Iko mu biro ya mutoto wetu! Unaona vile Mungu anapanga?"

Nami nikamjibu, "Amen."

Niliitikia hivyo, mwanangu. Mdomo ulitangulia. Baada ya yale yote ya Josué, baada ya bahasha na bafuni, ndugu yangu aliponiambia Mungu amepanga, nilisema amen. Nilipokata simu nikamwaga chai. Nikaona kitanda kile na pazia lile la njano, na wewe umeketi juu yake umevaa nguo za kulalia, na mezani kwako ofisini kuna faili la mwenye nyumba.

Wewe unalijua neno lake kwa Kiswidi. Umelisema mezani hapa mara nyingi, jäv, jäv, mtu asiamue jambo la ndugu yake, mpaka mdogo wako akawa anakuigiza. Mimi sikuwahi kulipatia Kiswahili chake, kwa sababu sisi kitu hicho tunakiita undugu, na tunafundishana kukipenda.

Jumatano sikukwambia. Alhamisi sikukwambia. Kila nilipofungua mdomo niliwaza: akikosa kwa mjomba, atalala wapi? Nikuweke kwa ndugu, kazi yako iharibike. Nikutoe kwa ndugu, ubaki peke yako katika mji mkubwa namna ile, na mimi niko hapa Fisksätra nasikiliza treni ya Saltsjöbanan ikipita. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilisali, na nilipomaliza kusali nikagundua kwamba namwomba Mungu akupe homa kidogo tu, ya kukuzuia kusafiri. Nikaomba msamaha.

Jana nikampigia.

"Dieudonné," nikasema, "mutoto hatalala kwako."

Kisha akauliza kama mkewe amekosea kitu kwenye ile video. Nikasema hapana, ni ile dossier. Akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyepumua. "Ile tu? Yaya, sitamuomba kitu. Naapa. Atakula, atalala, asubuhi tutaomba pamoja. Basi."

Clarisse, mimi na Josué hatukufanya zaidi ya hapo.

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia huenda ana haki, huenda kweli walimwonea, na mimi namjua, anajenga vizuri, barabara zake hazioshwi na mvua ya kwanza. Kama ana haki, basi siku atakayoipata watu watasema ameipata kwa sababu msichana alilala kwake, na yule aliyemshinda atakwenda mbele na jambo hilo, na haki yake yenyewe itachafuka. Nilijivuna kidogo, nikaona nimeongea kama wewe. Hakusikia hata neno moja. Alisema, "Alikuwa mugongoni kwangu, yaya."

Nikasema najua.

Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Sawa. Kama hayuko mutoto wangu, basi iko mugeni. Na mugeni hapa kwetu, yaya, hapana mutu wa kumuchunga." Akakata simu.

Tangu hapo nalirudia neno hilo. Nikiosha vyombo nalirudia. Sijui kama lilikuwa tishio au lilikuwa huzuni. Ni mdogo wangu, nilimfunga nepi, na sijui. Kama ni huzuni, nimemvunja moyo mtu aliyetuokoa. Kama ni tishio, nimekwisha kuifungulia hatari mlango na wewe hujafika. Hofu yangu kubwa ni kwamba linaweza kuwa yote mawili, na yeye mwenyewe hajui.

Baba yako amesema tukwambie usiende. Nilidhani nitaruka kwa furaha kumsikia. Badala yake nikajikuta nabishana naye, nasema kwamba ofisi ile ikiachiwa wale tu wasio na mama wa kuwaogopea, itakuwa ofisi ya namna gani? Alinitazama kama nimelewa. Mimi pia nilijishangaa. Uamuzi ni wako, na kitanda chako hapa hakitandikwi na sharti lolote. Lakini nakujua. Utakwenda.

Basi ukienda, haya ndiyo niliyoyapata kwa gharama. Siku ya kwanza, kabla hujaonyeshwa choo kiko wapi, mwambie mkubwa wako kwamba kuna faili la kaka wa mama yako na wewe usiliguse. Litaje jina lake wewe, kabla mwingine hajalitaja. Wakicheka, wakisema hapa wote ni ndugu, andika, na ubaki na nakala. Usilisome faili hilo hata kwa udadisi, hata ili ujue kama ameonewa, maana ukishajua utashindwa kulala. Na mtu akikwambia njoo tuombe pamoja kwa ajili ya jambo hili, mwambie utaomba chumbani kwako. Mimi nimeliona jambo baya likiingia kwa mlango wa sala, na liliingia likiwa limevaa vizuri.

Na usimchukie. Hilo nakuomba kwa magoti. Utakapokuwa umelichunga jina lako vizuri, usije ukajiona msafi na yeye mchafu. Yeye anafanya alichofundishwa na babu yako, na mimi pia nilifundishwa hivyo, na kwa hicho hicho alichofundishwa ndipo alipokubeba.

Nimezungumza na masista wenye nyumba ya wageni karibu na kazi yako. Sista atakayekupokea anaitwa Godelive, sauti yake kali, na mimi nilimpenda papo hapo. Chumba kina kitanda kimoja na dirisha lenye nondo. Halina pazia, kwa hiyo nimeweka kitenge changu cha bluu chini kabisa ndani ya sanduku. Ndicho baba yako anachokitoa na kukirudisha kwenye mizani.

Kesho tutapita Upplands Väsby tukielekea Arlanda. Josué amesema atasimama darajani apunge mkono. Hatujawahi kuomba zabuni tena, yeye wala mimi, lakini bado anaimba besi. Mpungie.

Kisha kuna jambo la mwisho, na hili limefika asubuhi ya leo. Mke wa Dieudonné ameniandikia kwa siri kwamba mumewe atakuja uwanja wa ndege hata hivyo. Amenunua maua, amewashonea watoto nguo, gari limeoshwa. Hakusema anakuja kwa hasira au kwa upendo, na sikuthubutu kuuliza. Utamwona kabla hajakuona, kwa sababu yeye anamtafuta mtoto mdogo.

Nenda kwake, Clarisse. Usijifiche, usipite pembeni. Piga goti kidogo kama nilivyokufundisha, mwite Mjomba, mkumbatie mbele za watu wote, na uweke mkono wako mgongoni kwake pale ulipokuwa umelala. Pokea maua. Mwambie ahsante kwa kitanda.

Kisha mtafute Sista Godelive, upande gari lake.

Mama